Kampuni Inataka Kulichukua Gari Lako Bovu na Kukurudishia Pesa: Mwongozo Kamili wa Kuamua

Wasomaji wengi walioko Marekani wanakwama palepale. Gari jipya, gia boksi inaruka au taa ya injini haizimiki, limelala gereji mpaka limezoeleka, kisha kampuni iliyolitengeneza inapiga simu: tutalichukua gari, tutakurudishia pesa, saini hapa. Mtu anasaini jioni hiyohiyo kwa furaha ya kuachana na balaa. Hundi ikifika ndipo anauliza mbona ni ndogo, na hakuna wa kumjibu, kwa sababu karatasi aliyosaini inasema wameshamalizana.

Wengine hukosea upande wa pili. Wanakataa ofa nzuri kwa kuwa kuna mjuaji kwenye kundi la WhatsApp kasema "subiri, watakulipa mara tatu", na miezi inakatika huku wakipeleka watoto shule kwa gari lenye breki za kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa Marekani, kwa gari lililonunuliwa jipya au lililochukuliwa jipya kwa mkataba wa kukodi wa miaka kadhaa. Kila jimbo huko lina sheria yake ya magari mabovu, Lemon Law kama wenyewe wanavyoiita. Aliyeagiza gari la mtumba kutoka Japani likashukia Mombasa au Dar es Salaam, njia hii haimhusu.

Msimamo wangu nautoa mapema: ofa ya kurudishiwa pesa mara nyingi inafaa kukubaliwa. Kisichofaa ni kukubali tarakimu ya kwanza kabla hujaipigia hesabu mwenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kubishana na mtu yeyote kabla hujakusanya hivi:

- Mkataba wa ununuzi na wa mkopo, kurasa zote, hasa ule ukurasa wenye mchanganuo wa bei, kodi, ada na nyongeza.
- Karatasi zote za kazi za gereji, zile ambazo kwetu mafundi huziita jobu kadi. Si risiti za malipo tu. Hata ziara ambayo hukulipa kitu ina karatasi yake.
- Barua ya salio la mkopo kutoka benki, ikionyesha kiasi cha kufunga deni na riba inayoongezeka kila siku.
- Kijitabu cha waranti.
- Risiti za kuvutwa kwa gari, kukodi gari lingine, na teksi za siku gari lilipokuwa gereji.
- Ofa yenyewe kwa maandishi.
- Namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17.

Hapa kuna jambo linalowakuta watu wetu sana. Mgeni hana historia ya mikopo, basi gari linachukuliwa kwa jina la shemeji au rafiki aliyetangulia. Sheria inamtambua aliye kwenye mkataba. Yeye ndiye atakayesaini na hundi huandikwa kwa jina lake. Kama ndivyo ilivyo kwako, kaa naye chini leo mkubaliane namna pesa itakavyokufikia. Hundi ikishatoka, hata udugu huyumba.

Na wenye hofu ya karatasi za uhamiaji: haya ni madai ya mnunuzi dhidi ya kampuni. California imeandika wazi katika sheria zake kwamba hali ya uhamiaji haimnyimi mtu haki za mlaji.

## Hatua ya 1: Tambua unachopewa ni nini

Maneno ya simu huwa matamu na hayana umbo. Mwombe aliyekupigia aandike barua pepe akitaja ofa ni ipi kati ya hizi nne.

Kurudishiwa pesa. Kampuni inalichukua gari, inafunga mkopo benki, na inakupa wewe ulichokwishalipa baada ya kukata makato ya matumizi, yaani ya maili ulizoendesha.

Kubadilishiwa gari. Unapewa jipya la aina ileile au linalokaribiana nalo. Katika California huwezi kulazimishwa kuchukua gari badala ya pesa. Uchaguzi ni wako.

Pesa kidogo na gari unabaki nalo. Unapewa kiasi fulani, unasaini kwamba huna dai tena, na ubovu unabaki kuwa wako.

Punguzo ukinunua gari jingine kwao. Hii huja kwa jina la kukusaidia. Gari lako linathaminiwa kama gari la kuuza tu, unaongezewa dola elfu moja au mbili, na deni lililozidi thamani linahamia kwenye mkopo mpya. Kwa maoni yangu hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo inayotolewa na mwenye tabasamu pana zaidi.

Usiendelee mpaka uwe na sentensi moja iliyoandikwa inayosema kama kampuni inalichukua gari au hailichukui, na kama inafunga mkopo wote au la.

## Hatua ya 2: Jua jimbo lako linasemaje, na saa inayokimbia

Tofauti za majimbo zinabadilisha pesa, kwa hiyo ushauri wa binamu aliye jimbo jingine uupokee kwa heshima kisha uuweke pembeni.

California. Gari likipelekwa gereji mara nne au zaidi kwa tatizo lilelile, au mara mbili kwa tatizo linaloweza kuua au kujeruhi vibaya, au likikaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, sheria inachukulia kwamba kampuni imeshapewa nafasi ya kutosha. Ukipita hapo hujafungiwa mlango. Tatizo lililojitokeza wakati wa waranti bado linadaiwa, ila kazi ya kuthibitisha inaongezeka. Kwa kampuni zilizochagua utaratibu mpya wa jimbo hilo wa kushughulikia madai haya, ulioanza 2025, kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja baada ya waranti husika kuisha, na isizidi miaka 6 tangu gari likabidhiwe.

Texas. Unalalamika kwa idara ya magari ya jimbo, ada ni dola 35. Mwisho wa kuwasilisha ni miezi sita baada ya lile litakalotangulia kati ya haya: waranti kuisha, miezi 24 kutimia, au maili 24,000 kufika.

Minnesota. Mara nne kwa tatizo lilelile, au mara moja tu kama breki au usukani umekufa kabisa kwa namna ya kuhatarisha maisha, au siku 30 za kazi gereji. Makato ya matumizi yana dari: senti 10 kwa maili au asilimia 10 ya bei, ile iliyo ndogo.

Massachusetts. Muda ni mfupi: mwaka mmoja au maili 15,000. Mara tatu gereji, au siku 15 za kazi, kisha kampuni inapewa nafasi ya mwisho ya siku 7 za kazi.

New York. Miaka miwili au maili 18,000, na maili 12,000 za mwanzo hazikatwi kitu.

Ohio. Hakuna makato ya maili kabisa.

Gari la mtumba ni habari nyingine. Tarehe 31 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya California iliamua, katika kesi ya Rodriguez dhidi ya kampuni ya magari ya FCA, kwamba gari lililonunuliwa likiwa limetumika, hata kama waranti ya kiwanda imebaki, halihesabiwi kuwa jipya kwa haki ya kurudishiwa pesa au kubadilishiwa. New York na Massachusetts zina sheria zake mahususi za magari yaliyotumika. Kwingine, kampuni ikikupa ofa ya kulichukua gari lako la mtumba wakati sheria haiilazimishi, hiyo ni hisani, na hisani huibishii sana.

Kwa madereva wa Uber na Lyft: California inalinda pia gari la biashara ndogo, mradi mwenye nalo asiwe na magari zaidi ya matano yaliyosajiliwa jimboni na gari liwe na uzito wa chini ya pauni 10,000. Ila maili zenu zinakimbia. Anayeendesha kwa riziki hufika 18,000 kabla jirani yake hajamaliza 6,000, kwa hiyo tatizo lipelekwe gereji siku lilipoanza, hata kama siku hiyo utakosa kipato.

## Hatua ya 3: Panga karatasi za gereji, na uzisome

Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea, na ndipo watu hupita haraka.

Kila karatasi ya gereji ina mambo matatu: mteja alilalamikia nini, fundi alikuta nini, akafanya nini. Pembeni kuna tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na maili zilizosomwa kwenye mita. Chora jedwali la mistari hiyo, ziara moja mstari mmoja, ukianzia ya kwanza kabisa.

Sasa soma ile sehemu ya malalamiko kama vile unasoma shitaka. Wewe ulisema: "Gari limezima katikati ya barabara kuu, nikiwa kasi, mara mbili wiki hii." Karani wa mapokezi aliandika: "Mteja anaomba gari likaguliwe." Chini yake fundi akamalizia: "Tatizo halikuonekana." Mtu wa kampuni akiisoma karatasi hiyo haoni gari linalozima. Anaona mteja mwenye wasiwasi.

Ziara ya namna hiyo haijapotea. Ulilipeleka gari na gereji ikapata nafasi ya kulitengeneza, na hilo ndilo linalohesabiwa. Lakini itakubidi uiunganishe na zile zilizofuata. Tafuta ushahidi wa siku hiyo: ujumbe wa simu uliotuma gereji, video ya dashibodi, picha ya taa iliyowaka, risiti ya gari la kuvuta. Viambatishe kwenye mstari wake.

Ukiwa bado unaenda gereji, usiondoke dirishani kabla hujasoma maneno yao. Yakiwa mepesi kuliko uliyosema, waombe waandike upya kabla ya kusaini. Na fundi akikwambia "acha niangalie hapahapa nje, hakuna haja ya karatasi", mshukuru kisha uombe karatasi. Ziara isiyo na karatasi haikutokea.

Huna karatasi za zamani? Gereji inazo kwenye kompyuta. Omba historia yote kwa namba ya chesisi, ukitaka karatasi kamili na si muhtasari, maana muhtasari huacha nje malalamiko na hubaki na vipuri tu.

Hesabu pia siku. Gari likikaa wiki tatu likisubiri kipuri kutoka kiwandani, siku hizo ni zako, hata kama fundi hakuligusa.

Jedwali likikamilika uweze kujibu bila kupekua: tatizo hili lilitajwa mara ya kwanza tarehe gani, na mita ilikuwa inasoma maili ngapi? Hiyo tarakimu ya maili ishike. Hatua inayofuata yote imejengwa juu yake.

## Hatua ya 4: Piga hesabu yako kabla ya kuisoma yao

Nitatumia kanuni ya California kwa sababu imeandikwa wazi. Makato ya matumizi ni bei ya gari, mara maili zilizokuwa kwenye mita ulipolipeleka gereji mara ya kwanza kwa tatizo hilo, gawanya kwa 120,000. Maili ulizoendesha baada ya hapo hazikatwi.

Chukua mfano. Gari la dola 36,000. Kodi na ada 3,600. Kianzio ulitoa 4,000, ukalipa miezi 14 kwa dola 705 kila mwezi. Benki inadai 28,400 kufunga mkopo. Ulipoenda gereji mara ya kwanza kulalamika kwamba gari linasita likiondoka, mita ilisoma 6,000. Leo inasoma 15,000.

Uliyotoa mfukoni: 4,000 na 705 mara 14, yaani 9,870. Jumla 13,870.

Makato: 36,000 × 6,000 ÷ 120,000 = 1,800.

Ongeza gharama zilizokupata kwa sababu ya ubovu, tuseme kuvutwa 180 na gari la kukodi 420. Jumla 600.

Unachopaswa kushika mkononi: 13,870 − 1,800 + 600 = dola 12,670, na kampuni ilipe benki ile 28,400 juu yake.

Sasa fungua ofa yao. Utakuta wamekata 4,500. Wametumia 36,000 × 15,000 ÷ 120,000, yaani maili za ziara ya mwisho, ile ambayo fundi hatimaye aliandika neno gia boksi. Ile ya kwanza, ya gari kusita likiondoka, wameiona kuwa jambo jingine. Na gharama za kuvutwa hazimo. Ofa yao inakuwa 9,370. Tofauti ni dola 3,300, na 2,700 kati ya hizo zimetoka kwenye karatasi moja ya gereji iliyoandikwa kivivu.

Katika majimbo mengine badilisha kigawanyo na maili. Massachusetts wanagawa kwa 100,000. New York nao wanagawa kwa 100,000 lakini wanahesabu maili zilizozidi 12,000 tu.

Halafu angalia yale ambayo kampuni inaruhusiwa kukata, usije ukapigania kisicho chako:

Deni la gari la zamani. Kama ulileta gari la kwanza likiwa linadaiwa kuliko thamani yake, ile ziada ikaingizwa kwenye mkopo huu, kampuni haihusiki nayo. Kwa kampuni zilizo kwenye utaratibu mpya, California sasa inaruhusu ikatwe waziwazi. Kwenye mfano wetu, ziada ya dola 5,000 ingeshusha unachoshika mkononi kutoka 12,670 hadi 7,670. Hili ndilo linalowaliza wengi, kwa sababu hawakukumbuka kwamba deni hilo lilikuwepo.

Nyongeza za muuzaji. Waranti ya ziada ya kampuni nyingine, bima ya kufidia pengo la mkopo, kioo cheusi, rimu mpya. Kiwanda hakikuviuza. Mikataba ya waranti ya ziada na bima ya pengo unaweza kuivunja wewe mwenyewe na kurudishiwa sehemu ya muda uliobaki. Omba fomu kwa muuzaji.

Punguzo la kiwanda. Ulilopewa siku ya kununua hukulilipa, kwa hiyo halirudi.

Kama ulitoa gari la zamani lisilo na deni, thamani yake ni sehemu ya ulicholipa. Ofa nyingi huisahau kimya kimya.

## Hatua ya 5: Pima maisha baada ya gari

Kabla ya kujibu, jiulize pesa hiyo itakununulia nini.

Mkopo wako wa sasa unaweza kuwa na riba uliyoipata wakati mzuri. Ukifungwa, riba hiyo imeondoka nao. Nenda kwenye chama cha mikopo au benki uulize leo ungepewa kwa riba gani, kisha ulinganishe malipo ya mwezi. Kuna watu ambao kwa hesabu hii kubadilishiwa gari kunawafaa kuliko pesa taslimu, hasa kampuni ikikubali mkopo uendelee ulivyo.

Vipi kuhusu kuchukua pesa kidogo na kubaki na gari? Mimi ningelifikiria kwa masharti matatu yote kwa pamoja: ubovu hauhusu usalama, umeshatengenezwa na umetulia kwa muda, na kampuni inaandika waranti ya ziada kwa sehemu hiyohiyo. Redio inayojizima yenyewe, sawa. Breki, usukani, injini inayozima njiani, mifuko ya hewa, au betri ya gari la umeme yenye onyo la moto: hapana, kwa bei yoyote.

Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya shirikisho. Itakuonyesha kama kuna wito wa kurudisha magari ambao gari lako halijatimiziwa. Hapohapo tafuta kwa aina na mwaka wa gari usome malalamiko ya wenye magari kama lako na taarifa ambazo kiwanda kimewatumia mafundi. Taarifa kama hizo zikieleza tatizo lako neno kwa neno na dawa haijapatikana, usitegemee ziara ya tano gereji itafanya muujiza.

Ukikataa ofa kwa sababu unataka kulipwa adhabu juu ya pesa zako, elewa unachokichezea. California inaruhusu adhabu ya hadi mara mbili ya hasara, ila pale kampuni ilipokiuka kwa makusudi. Kwa kampuni zilizo kwenye utaratibu mpya, anayetaka adhabu lazima kwanza apeleke notisi ya maandishi na abaki na gari. Kampuni ikitoa ofa ya kurudisha pesa ndani ya siku 30 na kukamilisha ndani ya siku 60 tangu notisi, adhabu haipo. Kwa lugha nyingine, ofa sahihi iliyokuja kwa wakati huondoa zile mara tatu za WhatsApp.

## Hatua ya 6: Jibu kwa maandishi, kwa tarakimu

Usijibu kwa simu. Andika barua pepe fupi yenye mambo haya tu: unaipokea kimsingi ofa ya kurudishiwa pesa; unaomba mchanganuo wa kila makato; ziara ya kwanza kwa tatizo hili ilikuwa tarehe fulani, maili kadhaa, karatasi imeambatishwa; kwa hesabu hiyo makato ni kiasi fulani; gharama zako ni hizi, risiti zimeambatishwa; jumla unayoitarajia ni hii.

Acha hasira nje ya barua hiyo. Habari za siku uliyokwama na watoto kwenye theluji ni za kweli na zinauma, lakini anayeisoma ana fomu ya kujaza, na fomu haina sehemu ya theluji. Ana sehemu ya maili.

Wakati mnajadiliana, endelea kulipa mkopo kila mwezi na bima pia. Kusimamisha malipo kunaharibu historia yako ya mikopo, na hakuna sheria ya magari mabovu inayoitengeneza. Wala usiuze gari.

Jibu zuri huja na mchanganuo mpya wenye maili ulizotaja. Wakikujibu "hii ndiyo ofa ya mwisho" bila tarakimu yoyote, nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Wakili, au baraza la usuluhishi?

Katika majimbo kama California, mteja akishinda, ada ya wakili inalipwa na kampuni. Ndiyo maana mawakili wengi wa eneo hili hawadai kitu mwanzoni. Muulize maswali mawili na umwombe ayajibu kwa maandishi: je, kuna chochote kitakachokatwa kwenye pesa yangu, na nikijitoa katikati nitadaiwa nini? Akisitasita, mtafute mwingine.

Kama tofauti kati ya hesabu yako na yao ni dola mia mbili tatu, mimi ningesaini niendelee na maisha. Ikiwa ni elfu kadhaa, au kuna jeraha, au kampuni inakataa kwamba ziara za mwanzo zinahusika, wakili ana maana.

Kampuni nyingi zina mpango wa usuluhishi usiolipiwa, kama BBB AUTO LINE. Uamuzi wake unaifunga kampuni pale tu wewe unapoukubali, na ukiukataa unaweza kuendelea na njia nyingine. Texas wana utaratibu wao wa idara, na hauhitaji wakili.

## Hatua ya 8: Soma hati kabla ya kalamu

Hati ya makubaliano huwa na kurasa chache zilizoandikwa kwa maneno mazito. Kama Kiingereza cha sheria kinakuchosha, mpe mtu asome na wewe. Tafuta haya:

Kiasi kinachokwenda benki na kinachokuja kwako viandikwe mbalimbali. Riba ya kila siku hadi benki ilipwe ni ya nani? Itajwe kuwa ya kampuni, la sivyo utaletewa bili ndogo baadaye.

Unachokiachilia kiwe madai ya ubovu wa gari. Ukiumia kwa sababu ya gari hilo, usiachilie madai ya jeraha ndani ya hati hii bila kuongea na wakili.

Kifungu cha kunyamaza. California inakataza kampuni kukufunga mdomo kuhusu matatizo ya gari kama sharti la kulichukua. Wanaweza kukutaka usitangaze kiasi ulicholipwa, lakini si kwamba usiseme gia boksi ilikuwa mbovu.

Tarehe ya malipo. "Ndani ya muda mwafaka" si tarehe.

## Hatua ya 9: Siku ya kukabidhi

Kabla ya kwenda, futa simu yako, anwani ya nyumbani na namba ya kufungulia geti kwenye kompyuta ya gari. Toa kifaa cha kulipia barabara, la sivyo utaendelea kumlipia mtu mwingine ada za daraja. Uliza kama namba za gari zinabaki kwako. Inategemea jimbo.

Piga picha gari pande zote, ndani, na mita. Mkaguzi atalizunguka akitafuta michubuko. Uchakavu wa kawaida si uharibifu, ila bodi iliyobondeka inaweza kukukatisha pesa. Mkubaliane hapohapo na kila mmoja abaki na nakala.

Hundi yako uione kabla ya kukabidhi funguo, au uwe na maandishi yanayosema itatumwa lini. Soma jina na kiasi.

Bima uifute baada ya kukabidhi, si asubuhi ya siku hiyo. Kama huna gari jingine bado, muulize wakala wa bima namna ya kuepuka pengo la siku zisizo na bima, kwa sababu pengo hilo hupandisha bei ya bima ijayo.

Usisimamishe malipo ya mkopo mpaka benki ikuandikie kwamba salio ni sifuri. Malipo ya kampuni yakichelewa na tarehe yako ikafika, lipa. Kitakachozidi benki itakurudishia. Baada ya mwezi mmoja au miwili chukua ripoti yako ya mikopo uangalie akaunti hiyo imeandikwa kuwa imelipwa na kufungwa. Ikiwa imeandikwa vingine, barua ya benki ya salio sifuri ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko.